Chumba cha Mfano cha Diani

Kwa furaha na taadhima, Ofisi ya Mpangilio wa Vyumba, Pwani ya Kusini, iliwatangazia raia wote kwamba kuanzia Machi mwaka 1956, kukaa ovyo ndani ya nyumba kumekwisha. Tangazo hilo niliandika mimi, Chirau, Karani Daraja la Pili. Asiyenijua hajapata kujaza fomu.

Mkubwa wetu, Bwana Hobson, alikuwa na picha aliyoikata katika gazeti la London: sebule ya kisasa iliyopambwa na bingwa wa mambo hayo, Bibi Marwood. Na bahati iliyoje! Bibi mwenyewe alikuwa amefika Mombasa, na Ijumaa angevuka Likoni kuja kuikagua kazi yetu. Tukachagua chumba kimoja nyumbani kwa Mwanatumu, mjane wa Diani, tukakifanya Chumba cha Mfano. Kamati ya watu kumi na wawili, ambao hata mmoja wao hajawahi kushika ufagio, iliifuata picha bila kupunguza kitu. Picha ilikuwa na kochi, tukaweka kochi. Picha ilikuwa na meko ya ukutani ya kuotea moto, tukatoboa ukuta tukayajenga. Fundi alisema Diani hakuna baridi. Kamati ikamjibu kwamba hilo ni kosa la Diani.

Kitanda cha kamba, kasha na mikeka ya ukindu tulivitoa uani na kuviandika "vizuizi vya maendeleo". Mlangoni tukabandika sheria: hakuna kulala, kuketi wala kuegemea mpaka Bibi akague.

Jumatatu Mwanatumu akanijia ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwanasha anaolewa Alhamisi. Kile ndicho chumba chake cha fungate, sina kingine."

"Basi ahirisha harusi, mama. Iko fomu. Nakala tatu tu."

"We Chirau! Shehe ameshaalikwa, mbuzi yuko kambani, watu wanatoka mpaka Msambweni. Bwana harusi nimlaze wapi, juu ya fomu zako?" Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Mtoto ninaye huyu mmoja tu. Mnataka aanze maisha kwa aibu?"

Nilimhurumia kadiri cheo changu kinavyoruhusu. Swali lake nililiandika vizuri nikalipeleka kwa kamati, nayo ikaahidi kulijadili mwezi wa Juni.

Ijumaa asubuhi tukapiga hodi, Bwana Hobson mbele, tai imemkaba, Bibi Marwood nyuma yake akijipepea kwa kofia. Mwanatumu alikuwa ameketi mlangoni pa Chumba cha Mfano, mwiko wa pilau mkononi.

"Karibuni, karibuni sana. Lakini humu hamwingii. Harusi ilikuwa jana, wenyewe wamo ndani."

"Watatoka lini?" akauliza Bwana Hobson, uso umemwiva.

"Siku saba, inshallah."

"Karani! Fungua mlango huu!"

Nilimtazama mkubwa wangu, nikautazama na mwiko. Mwiko ulikuwa karibu zaidi. Nikamjibu kwamba mlango huo hauko chini ya idara yetu.

Ndani ikasikika sauti ya Mwanasha, ya chinichini: "Mama, hili tundu la ukutani la nini?"

"Nyamaza, mwanangu. Ni maendeleo."

Wageni wakapelekwa uani, wakavuliwa viatu, wakakalishwa juu ya vizuizi vya maendeleo. Wakaletewa halua na kahawa. Upepo ukapita. Bibi Marwood akaupapasa mkeka, akaigusa ile miraba myekundu na myeusi, kisha akajinyoosha kitandani na kufumba macho. Alipoyafumbua akauliza ni bingwa gani aliyepapamba mahali hapa. Nikafasiri.

Mwanatumu akageuka kutazama kama nyuma yake yuko mtu. "Bingwa gani tena? Mkeka nimesuka mwenyewe. Kitanda alikiwamba marehemu mume wangu."

"Hii ndiyo sebule ya kesho!" akasema Bibi Marwood. "Bwana Hobson, wazo hili ni la nani?"

"La ofisi yangu," akasema Bwana Hobson bila hata kumeza halua.

"Hongera! Basi nitamwomba Gavana nyumba zote za wakubwa wa wilaya zipangwe hivi. Tuanze na yako."

Amri ikaja wiki ya pili. Lori lilichukua makochi, viti na meza za Bwana Hobson, hata za ofisini, likatuachia mikeka. Mwanasha alimaliza fungate yake salama salimini, na yale meko mama yake anafugia kuku.

Nami nimepandishwa cheo. Bwana Hobson ana magoti mabovu na suruali za kubana, na akishakaa mkekani hanyanyuki peke yake. Kwa hiyo mimi sasa ni Karani wa Kuinua, Daraja la Kwanza: namwinua saa nne kwa chai, saa saba kwa chakula, saa kumi aende kwake. Juzi nilipewa ruhusa ya siku mbili kwenda kuhani msiba Vanga. Niliporudi nilimkuta pale pale, ndevu zimemwota, anatia sahihi barua.