Ombi la Kurudishiwa Goti Langu Bovu

Kwa Muuguzi Msimamizi,
Kikundi cha Afya ya Wazee,
Kituo cha Afya.

Ndugu Muuguzi,

YAH: KURUDISHIWA GOTI LANGU BOVU, AU UGONJWA MWINGINE WOWOTE UNAOLINGANA NALO

Tafadhali rejea siku uliyonipokea hapo kituoni, miezi minane iliyopita, nikiwa nimeshikiliwa huku na huku na wanangu wawili kama kabati linalohamishwa. Mimi ndiye mwanachama namba kumi na saba, yule aliyekuwa karani wa masjala, ambaye siku ya kwanza ya mazoezi alikataa kuinua mikono kwa madai kwamba hajasomewa kanuni za kuinua mikono. Natumaini hujambo na kazi zinakwenda. Mimi pia sijambo, na hilo ndilo lalamiko langu.

Kwa heshima zote, naomba kueleza hasara nilizozipata tangu nilipopona. Nimezipa namba ili usipate taabu ya kuzijibu.

1. Goti. Nilikuja kwako na goti la kushoto lililovimba, pamoja na presha ya kutisha wageni. Goti lile nilikaa nalo miaka sita. Lilijua mvua kabla ya watabiri wa redioni. Kwa ajili yake nilipishwa kwenye foleni, nililetewa kiti kila nilikoingia, na katika vikao vya mtaa niliruhusiwa kuondoka mapema hata kama hoja iliyo mezani ni ya kwangu. Wewe na mwalimu wetu wa mazoezi, refa mstaafu ambaye sote tunamwita Refa, mkalinyoosha, mkalikunja, mkalizungusha uwanja mzima, bila kunipa hata taarifa ya maandishi kwamba mnakusudia kulimaliza. Wiki iliyopita nilipanda ngazi za posta mpaka ghorofa ya tatu huku nikifikiria mambo mengine. Nilipofika juu ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni mgonjwa, na nilikuwa nimechelewa.

2. Chumvi. Hapa sina maneno mengi. Uliniambia nipunguze, nikapunguza. Sasa mboga zangu zina ladha ya maji yaliyoziosha, nami, naona haya kusema, nimeanza kuzipenda.

3. Heshima yangu mtaani. Jioni sisi wazee hukaa kwenye benchi lililo nje ya duka la fundi cherehani, na kama unavyojua, mazungumzo yetu ni magonjwa. Mwenye mgongo huanza, mwenye sukari hupokea, mwenye macho hufunga kikao. Zamani mimi nilikuwa msemaji mkuu, maana goti na presha kwa pamoja ni mada ya saa nzima, na nilikuwa nimeshajua ni wapi pa kushusha pumzi ili watu wasikitike. Siku hizi zamu yangu ikifika nasema sijambo, na wenzangu wananikazia macho kana kwamba nimejisifu msibani. Juzi fundi cherehani aliniomba nimsaidie kuingiza cherehani ndani, kwa kuwa, alisema, kati ya waliopo mimi ndiye kijana. Nina miaka sabini na moja. Niliibeba.

4. Ripoti ya mwezi. Hili ndilo kubwa, na mengine yote nimeyatanguliza ili nipate ujasiri wa kulifikia.

Kila mwisho wa mwezi wewe huwatumia ujumbe watoto wa kila mwanachama. Ya kwangu ya mwezi wa tano ilisema hivi, nainukuu kama ilivyo: "Baba yenu anaendelea vizuri sana, presha ni ya kijana, msiwe na wasiwasi." Wanangu nimewalea wakiwa watiifu. Waliacha kuwa na wasiwasi siku ile ile.

Niruhusu nieleze kwa lugha ya kazi niliyoifanya miaka thelathini na moja. Pale masjala, jalada lenye tatizo hutembea. Huyu analiita, yule analitafuta, linalala mezani kwa mkubwa, linaandikwa pembeni kwa wino mwekundu, na likichelewa watu wanagombana kwa ajili yake. Jalada lisilo na tatizo hufungwa kamba na kupelekwa stoo, na sijawahi kumwona mtu anayekwenda stoo kuyajulia hali majalada. Ripoti yako, Ndugu Muuguzi, ndiyo iliyonifunga kamba.

Nilipokuwa mgonjwa, binti yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu katika mji mwingine, alikuwa akinipigia simu mara tatu kwa siku. Asubuhi alitaka kujua nimeamkaje, mchana nimekula nini, jioni kama nimemeza dawa au nimezificha chini ya mto. Goti lilipozidi alisafiri kwa muda wa saa tisa kwenye basi, akalala siku nne sebuleni kwangu juu ya godoro, akinikanda kwa maji ya moto na kunigombeza kwa sauti ile ile ya marehemu mama yake. Mdogo wake, fundi umeme, ambaye maneno yake kwa mwaka hayajazi kurasa mbili, naye alikuja, akatengeneza swichi zote za nyumba, hata zilizokuwa nzima. Tukala pamoja mezani sisi watatu, mara ya kwanza tangu tumzike mama yao. Nakwambia kweli, sijawahi kuugua vizuri kama siku zile.

Sasa binti yangu hupiga Jumapili kwa dakika nne. Najua ni nne kwa sababu simu yenyewe inaandika. Mdogo wake hutuma picha ya kidole gumba. Nawakumbuka wanangu. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu na mara tatu nikaikata, kwa kuwa haina mahali pake katika barua ya kikazi, lakini safari hii naiacha.

5. Juhudi zangu binafsi. Usije ukasema nimekaa tu nikilalamika. Mwezi uliopita, binti yangu alipopiga simu ya picha, nilijilaza kitandani nikajifunika blanketi mpaka kidevuni, nikaguna kama nilivyokuwa nikiguna enzi zangu. Alinitazama kwa makini. Kisha akaniuliza, "Baba, mbona umelala na raba?" Blanketi lilikuwa fupi, na mimi nilikuwa nimetoka mazoezini dakika tano zilizopita. Alicheka mpaka wanafunzi wake wakaingia ofisini kumtazama. Tangu siku hiyo hata nikipiga chafya ya kweli anasema naigiza.

6. Mustakabali. Nimeketi nikapiga hesabu. Kwa mwendo huu, nikifika miaka themanini nikiwa na afya hii, wanangu watakuwa wanakuja mara moja kila baada ya uchaguzi. Nikifika tisini watakuwa wameisahau sura yangu, na siku ya kufa itabidi nijitambulishe mwenyewe kwa kitambulisho. Ni wazi basi kwamba afya njema inawadhuru wazee, na nashangaa serikali inaitangaza kwenye mabango. Napendekeza pale mlangoni kwenu pabandikwe onyo kwa maandishi makubwa, ili mzazi mwenye watoto walio mbali aingie akijua anachokipoteza.

Kutokana na hayo, naomba goti langu lirudishwe kama lilivyopokelewa. Endapo limekwisha kabisa, nitapokea ugonjwa wa wastani: usiouma, usiohitaji sindano, usionizuia kula, lakini ambao ukitajwa kwenye simu, anayeusikia anatafuta mahali pa kukaa. Ukiwa na jina refu nitashukuru zaidi. Endapo hata huo haupatikani, basi katika ripoti ijayo ondoa neno "sana".

Ili kuonyesha kwamba sitanii, kuanzia Jumatatu nimegoma. Sijaja mazoezini, nimerudisha chumvi kwa vijiko, na ninakaa kwenye kiti tangu asubuhi nikisubiri kuugua. Ni kazi ngumu kuliko kuzunguka uwanja, na haina mapumziko ya kunywa maji.

Nakutakia mafanikio katika kazi yako, isipokuwa kwangu. Nisalimie Refa na filimbi yake, mlinzi wa getini, yule mama wa safu ya nyuma anayenitajia namba kila ninapopoteza hesabu, na wanachama wote, wagonjwa kwa wazima, hasa wagonjwa, waambie washikilie hapo hapo.

Wako mtiifu, na mzima kinyume na matakwa yake,

Mwanachama namba kumi na saba,
Karani wa Masjala (mstaafu)

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari ndani ya bahasha ulipopiga hodi leo asubuhi, siku ya tatu ya mgomo wangu. Sikukutarajia. Nyuma yako alikuwa Refa, na nyuma ya Refa kikundi kizima, ambacho, kwa kuwa saa ya mazoezi ilikuwa imefika, kilianza kurukaruka uani kwangu na kuikata kamba yangu ya kuanikia nguo. Ukanipima. Presha ilikuwa imepanda kweli. Nilikuwa nimepata nilichokiomba, tena kwa siku tatu tu, na ukatoa simu uwaandikie wanangu. Nilichofanya unakijua: nilikushika mkono nikakusihi usimwandikie binti yangu, maana angeliacha darasa, angepanda basi huku analia, na njia ni ndefu. Usichokijua ni kwamba mlipoondoka nilimpigia mwenyewe. Katika miezi yote hii sikuwahi kumpigia mimi, nilikuwa nikiiweka simu mapajani na kuitazama. Nikamwambia nimefanya ujinga wa chumvi wa siku tatu na kwamba wewe umeshanipa dawa, ila nimepiga kwa sababu nimemkumbuka. Akasema naye amenikumbuka mno, lakini alikuwa akiona haya kunisumbua, kwa kuwa kila akisoma ripoti zako anaona baba yake ni mtu mwenye shughuli nyingi. Anakuja Jumamosi. Nikamwuliza anakuja kumuuguza nani, akasema hamuuguzi mtu, anakuja tu. Barua nakuletea hata hivyo, maana karani hatupi karatasi iliyokwisha kupewa namba. Ichane wewe, na Jumamosi naomba nisihesabiwe mtoro.