Mahafali ya Mbwa wa Boko

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano huu. Ndugu Katibu wa Mwenyekiti wa mkutano huu. Ndugu wajumbe wa Kamati ya Adabu za Mbwa, mliofika na mlioleta udhuru. Ndugu Polikarpo, balozi wa nyumba kumi, ambaye nyumba zake naambiwa sasa ni kumi na nne lakini cheo bado kinamtosha. Wazee wa Buguruni, shikamooni. Akina mama wa vibanda vya nazi na dagaa. Ndugu vijana mnaoshikilia kipaza sauti kisianguke. Ndugu watazamaji mlio juu ya ukuta wa zahanati, ambao ningeomba mshuke. Ndugu wananchi, wakulima na wafanyakazi, kwa ujumla wenu na kwa umoja wenu, kila mmoja kwa nafasi yake na kwa heshima inayostahili nafasi hiyo: hamjambo. (Hatujambo.)

Sijasikia vizuri, lakini ratiba hainiruhusu kurudia. Mimi, kwa wale wachache wasionijua, ni Ndugu Albano, Mratibu Mkuu wa Operesheni Mbwa Adabu, na nimesimama mbele yenu alasiri hii kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao hata wakubwa wangu wa kazi wameutaja mara kadhaa katika vikao, ili kufunga rasmi awamu ya kwanza ya mafunzo ya Chuo cha Ujamaa cha Adabu za Mbwa kilichoko Boko, chuo cha kwanza cha aina yake kati ya Mto Wami na Mto Rufiji. (Makofi kutoka meza kuu.)

Ndugu wananchi, tulipopata Uhuru tulirithi mambo mengi kutoka kwa mkoloni. Tulirithi barabara, tulirithi reli, na tulirithi mbwa. Barabara tumezishughulikia. Reli tunajenga nyingine. Lakini mbwa, ambaye alifundishwa na mkoloni kumbwekea Mwafrika na kumrukia Mzungu kwa furaha, siku mkoloni alipopanda meli alibaki hapa bila sera. Akawa anamrukia kila mtu. Wengine walisema ni utu wema wa mbwa, lakini sisi wenye dhamana tuliliona kuwa ni pengo la kiutawala.

Mtakumbuka ile Ijumaa ambapo Mzee Kondo, fundi wetu wa vitanda vya kamba, ambaye namwona pale mbele kwenye benchi, alitoka kwake na kanzu iliyofuliwa na kupigwa pasi, akielekea msikitini, na mbwa wa jirani yake Ndugu Demetria akatoka mbio, akamwekea miguu miwili kifuani na kumlamba kidevu. Mbwa huyo hakuuma, na ripoti yangu imelitaja hilo kwa haki. Lakini taratibu za najisi mnazijua wenyewe: maji mara saba, na mojawapo kwa udongo, kanzu na mwenye kanzu, na bomba la mtaa siku hiyo lilikuwa likitoa upepo. Mzee Kondo alipopata maji ya kutosha, imamu alikuwa ameshatoa salamu. Akalalamika kwa balozi, balozi akaleta kwangu, na mimi, badala ya kwenda kuzungumza na mwenye mbwa kwa dakika mbili, kama ambavyo angefanya kiongozi asiye na upeo, nikaitisha semina. (Makofi machache.)

Semina ile ilidumu wiki nzima na ilikuwa na chakula. Ilibainika kwamba asilimia tisini na sita ya mbwa wa mtaa huu wanaruka, na asilimia kumi na moja iliyobaki walikuwa wamelala wakati wa utafiti. Ilibainika pia kwamba wapo wanaofukua bustani za mchicha, wapo wanaotafuna kandambili, na daima ya mguu mmoja tu ili kumuumiza mwenye nazo zaidi, wapo wanaokimbiza baiskeli, wapo wanaobweka usiku bila ajenda, na yupo mmoja, ambaye sitamtaja maana mwenye naye yupo hapa, anayeingia buchani bila kupanga foleni wakati wananchi wamepanga tangu alfajiri.

Hapo ndipo tulipoamua, kwa moyo wa ujamaa, kwamba mbwa wote warukao wakusanywe na kupelekwa Boko, kama ambavyo wananchi wengi wamehamia vijijini kwa hiari yao na kwa malori. Wa kwanza kupakiwa alikuwa huyo huyo wa Ndugu Demetria. Hatukuhitaji hata kamba, maana aliwarukia vijana wa operesheni mmoja mmoja kana kwamba wamekuja harusini, kisha akaingia garini mwenyewe. Mbwa huyu, Ndugu Demetria alikuwa amemwita Watasema, kwa ile desturi yenu ya kuwapelekea majirani ujumbe kupitia jina la mbwa. Kamati iliona jina hilo halina mwelekeo, ikamwandikisha kwa jina la Nidhamu.

Ndugu Demetria ni mjane, mtu wa Bukoba, anayefuga kuku nyuma ya nyumba na kuuza mayai, na mtoto wake Jovina anasoma kwa mayai hayo. Tangu mbwa aondoke amefika ofisini kwangu mara nyingi kuliko baadhi ya watumishi wangu. Anasema wezi wamewamaliza kuku, wamebaki wawili ambao analala nao chumbani, na ana swali moja tu: mbwa wake anarudi lini. Nilimweleza kwa upole kwamba elimu haina haraka, na kwamba kuku ni mali ya mtu binafsi ilhali adabu ni mali ya taifa zima. (Ndugu Demetria alisimama. Aliombwa akae. Alikaa.)

Sasa niingie kwenye teknolojia yenyewe, na naomba msikilize, maana jambo hili limetoka katika kitabu cha Kiingereza chenye picha. Mbwa, ndugu zangu, haruki kwa ubaya. Anaruka kwa sababu akiruka anapata. Ukimsukuma kwa mikono, kwake huo ni mchezo. Ukimgombeza, kwake hayo ni maongezi. Ukimtazama usoni, ameshakupata. Dawa yake ni kumpa mgongo. Unageuka, unafunga mikono kifuani, husemi neno, humwangalii, mpaka miguu yake yote iwe ardhini, ndipo unageuka tena na kumsifu kwa sauti ya chini na kumpa kipande cha kitu. Na nyumba nzima ifanye hivyo hivyo, kwa sababu baba akimpa mgongo na mtoto akamkumbatia, sera zinakuwa mbili. Mtafunaji wa kandambili apewe mfupa wake, na kandambili zipande juu. Mfukuaji atembezwe achoke. Anayebweka usiku aulizwe kwanza ameona nini, maana utafiti unaonesha kwamba mara nyingine ameona mwizi.

Haya yote si ya kukaririwa tu, kwa hiyo nataka tufanye kwa vitendo, hapa hapa, wote. Mimi nitakuwa mbwa. (Kicheko. Mratibu Mkuu hakucheka.) Nitakaporuka, mkutano mzima utanipa mgongo, mikono kifuani, kimya. Nitaruka mara moja tu kwa sababu ya goti langu. Haya. (Mratibu Mkuu aliruka. Mkutano uligeuka.)

Safi sana. Nimetembea mikoa mingi na sijaona mkutano uliogeuka kwa umoja kama huu. Sasa miguu yangu iko chini, mnaweza kunitazama. (Mkutano haukugeuka.) Ndugu wananchi, zoezi limekwisha. Miguu yangu yote miwili iko chini, na Ndugu Mwenyekiti ni shahidi. (Mkutano haukugeuka. Watu walikuwa wakionyeshana kidole Land Rover ya Mratibu Mkuu, iliyoegeshwa nyuma yao kando ya zahanati, na kichwa cha mbwa kilichokuwa kimetokeza chini ya turubai.)

Naona mnaitazama Land Rover. Hiyo ni Land Rover ya kazi. Ndugu Gaspar, dereva, funga turubai la nyuma. Gaspar. (Ndugu Demetria alisimama, akasema bila kupaza sauti: "Watasema. Njoo, mwanangu.") Lifunge, Gaspar. Basi, acha, ameshatoka.

(Mbwa mwekundu mwenye sikio moja lililolala alipita katikati ya watu, akamrukia Ndugu Demetria kifuani, akamkalisha chini. Ndugu Demetria hakumpa mgongo. Alimshika shingoni kwa mikono miwili, akawa analia.)

Ndugu Demetria, mgongo. Mgongo, mama. Unabomoa kazi ya miezi minane. Ndugu wananchi, mnachokiona si kuruka. Mbwa huyu alikuwa ananisindikiza kazini kila siku kama sehemu ya mafunzo, na hiki ni kipimo cha mwisho, ambacho kwa bahati mbaya kimefanyika kabla ya wakati wake. Na sasa naona amemwendea Mzee Kondo. Mzee wangu, samahani sana. Kwa niaba ya operesheni nzima, samahani. Kanzu yako itaundiwa kamati ndogo.

(Mzee Kondo alisimama, kanzu ikiwa na alama za miguu miwili kifuani. Alisema: "Kanzu nitaifua mwenyewe, baba. Mie nililalamika nifuliwe kanzu, sikusema mama wa watu aibiwe. Mwachie mbwa wake." Makofi marefu, ya kwanza kutoka kwa wananchi.)

Ahsanteni kwa makofi hayo, nayapokea kwa niaba ya chuo. Naulizwa kutoka kule nyuma mbwa wengine wako wapi. Ni swali zuri, lililoulizwa kwa sauti ambayo si nzuri. Wako kwenye mafunzo ya vitendo, kwa wajumbe wa kamati, mmoja mmoja. Wa Mama Rosalia yuko kwa Ndugu Katibu, anajifunza geti, na anaendelea vizuri. (Ndugu Katibu aliinuka, akaenda kuangalia gari lake.) Yule wa buchani yuko kwa Ndugu Mwenyekiti, na Ndugu Mwenyekiti ataeleza mwenyewe hali ya nyama. Naombeni msisogelee jukwaa. Kipaza sauti hiki tumeazima.

Nihitimishe. Nikisema "Mbwa", mnaitikia "Chini". Mbwa! (Kimya.) Mbwa! (Mbwa alibweka.) Adabu! (Kimya.) Boko! (Kicheko kirefu.)

Nawashukuru sana wake zetu, wajumbe wasioonekana wa kamati hii, ambao nyua zao za Oysterbay zimekuwa madarasa, bweni na uwanja wa chuo tangu siku ya kwanza. Namshukuru Ndugu Leonardi aliyetuchorea ramani ya majengo ya Boko, ramani nzuri sana, yenye miti. Nawashukuru wananchi wa Boko wenyewe kwa ukarimu ambao bila shaka watauonyesha siku tutakapokwenda kuwauliza kama wana kiwanja. Mimi binafsi sijawahi kufika, naambiwa ni mbele ya Tegeta. Namshukuru pia Ndugu Demetria kwa kutuazima Nidhamu, ambaye, nikiri mbele yenu, jioni nikifika nyumbani nimechoka na vikao alikuwa akinirukia mlangoni kwa furaha kuliko mtu yeyote wa nyumba ile, na sikuwahi hata siku moja kumpa mgongo. Gaspar, washa gari. Watoto watauliza mbwa yuko wapi. Nitawaambia amehitimu.