Mguu Wangu, Usipone Kwanza!

Jumatatu, 2 Juni

Baridi kali nje, na mimi nimo ndani ya blanketi mbili mpya. Mbili! Wiki ya tatu hospitalini, na ninanenepa. Tangu wamama wa parokia wachange pamoja na ndugu zao walio Ulaya, wodi yetu ya mifupa imegeuka hoteli. Godoro halina shimo. Maji ya moto kila asubuhi. Wauguzi wameongezwa, ukiita, mtu anakuja! Mwaka juzi kaka yangu alilala hapahapa, sakafuni, mkewe akimpepea kwa kipande cha katoni. Masikini. Alivunjika mapema mno.

Saa tatu, habari mbaya. Daktari ametazama picha ya mguu, akasema Ijumaa narudi nyumbani. Nyumbani, yaani mtaa wa Katuba! Umeme unakuja kama mgeni, na mke wangu Delphine hachoki kunikumbusha kwamba nilianguka kutoka ngazini nikijiandikia jina langu juu ya duka.

Lazima mguu usipone.

Jumanne, 3 Juni

Mpango wa kwanza: maumivu. Nimelia kwa ufundi mkubwa. Mama Marceline, muuguzi mkuu, amekuja mbio, akauliza panauma wapi. Nikaonyesha.

“Papa Floribert, ile muguu iko muzima. Ulivunja ya kushoto.”

Aibu! Papa Nkandu wa kitanda cha jirani, mstaafu wa reli, amecheka mpaka akashika mbavu. Yeye anabaki wiki mbili zaidi, na anajigamba kana kwamba amepewa medali. Tena kitanda chake kiko dirishani, penye jua. Simpendi.

Jumatano, 4 Juni

Mpango wa pili: kushindwa kutembea. Kuna Keren, kiné wetu, binti aliyeletwa na wafadhili kutufundisha kutembea upya. Amenisimamisha kati ya vyuma vya kushikilia, navyo vipya. Nikajiachia kama gunia la makaa. Keren akasikitika, akaandika kwamba nibaki kwanza.

Ushindi! Nimemkonyezea Nkandu. Amegeukia ukuta. Jioni bukari, ugali wetu, na samaki. Nimekula na cha Nkandu, maana hasira zimemnyima hamu.

Alhamisi, 5 Juni

Ameletwa mchimbaji kutoka Kambove, anaitwa Kangwa. Jiwe limemponda mguu. Yuko kwenye machela, koridoni. Nimemsikia mama Marceline akimweleza mkewe kwamba kitanda kimoja kingekuwa wazi kesho, lakini mguu wa papa mmoja unakataa kupona.

Nimejifunika kichwa. Bado nilimsikia Kangwa akigumia kwa maumivu. Mwishowe nimempelekea blanketi moja, nikiruka kwa mguu mmoja ili mpango usiharibike. Moja tu. Baridi ni baridi.

Ijumaa, 6 Juni

Wafadhili wamekuja! Wamama kumi na wawili, na ngoma. Nililala kama marehemu, nimeapa kutosogea.

Wakaanza kuimba. Kidole gumba kikaitika. Kisha kisigino. Kisha sijui nini kilitokea, maana nilijikuta katikati ya wodi nikizunguka na mama Mbambu, kiongozi wao, bila magongo! Keren alifunika mdomo. Nikaganda, mguu mmoja hewani. Uliokuwa chini, umenibeba mzima mzima, ni ule uliovunjika.

Nkandu, aliyechaguliwa kutoa shukrani (yeye!), akanyoosha mkono kunielekea.

“Bamama, muone! Juzi huyu papa alikuwa anaanguka. Musaada yenu iko na nguvu!”

Vigelegele. Nimebusiwa na watu tisa. Mama Marceline hakupiga makofi. Alinisogelea, akasema polepole, “Aksanti, papa. Kangwa iko nangojea kitanda.”

Adhuhuri wamemlaza. Mgongo ulipogusa godoro alifumba macho, uso ukalegea wote. Mkewe akanishika mikono miwili, akaniombea baraka, eti nimempisha mumewe. Nimelia. Safari hii machozi yalikuja yenyewe.

Jumapili, 8 Juni

Nyumbani. Nimetembea hadi kanisani kwa miguu yangu yote miwili. Nimemwahidi Mungu, na Delphine kama shahidi: hila basi! Mimi ni mtu mpya.

Kabla ya baraka ya mwisho padri ametangaza kwamba wafadhili wamemaliza wodi ya kifua. Vitanda vinavyopanda na kushuka kwa kubonyeza. Televisheni ukutani!

Nimekohoa. Delphine amenitazama.

Nimekohoa tena, kutoka chini kabisa.