Taulo za Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, kaleta taulo sita mpya. Nyeupe, nene. Nyumba nzima inazisifu! Mimi niliyeziba paa, nani aliwahi kunisifu? Nikajifuta uso. Nikaona kasoro: kila ncha ina mkanda bapa usio na manyoya. Haunyonyi hata tone! Nikamuuliza Shemeji ni wa nini. Kacheka, kasema ni urembo tu, bwana, usijichoshe. Urembo! Nani anajifuta kwa urembo?

Jumanne, 5 Machi
Mama mkwe anakuja Alhamisi. Mke wangu kaniweka kitako. Kasema nikiharibu kitu kingine humu ndani, anaondoka na mama yake, na kurudi atarudi akijisikia. Kanikumbusha tena ile pasi niliyoiharibu. Na mlango wa jokofu. Nimeogopa, kusema kweli. Bila yeye nyumba hii ni stoo tu. Nimeapa sitaharibu kitu.
Ila kuboresha si kuharibu.

Jumatano, 6 Machi
Mke kaenda sokoni. Nimekata mikanda yote, ncha zote, taulo zote. Kazi safi! Sasa ni manyoya mwanzo mwisho. Nimezikunja, nimezipanga bafuni. Shemeji atajiju.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Mama mkwe kaoga. Katoka na nyuzi nyeupe kichwani, shingoni, hadi kwenye nyusi, akiburuta kitu ambacho asubuhi kilikuwa taulo. Nikasema labda ni maji ya huku. Kaokota mkanda kwenye pipa la taka, akaniuliza, kwa upole wa kutisha, mwanangu, ulidhani nyuzi zinashikwa na nini? Kumbe mkanda umefumwa kwa kubana ili ncha isifumuke! Hata Shemeji hakujua. Nikamwambia mke wangu hilo. Halikusaidia.

Ijumaa, 8 Machi
Wameondoka. Mke wangu hakufoka. Angefoka ningepata nafuu. Nimelia kidogo jikoni. Nimeapa upya, na safari hii kwa dhati: sigusi kitu.
Nikatandika kitanda. Hivi foronya, pale mdomoni, kile kipande kilichokunjwa ndani ni cha nini? Kitambaa kizuri kimefichwa bure! Kikitolewa, mto utapumua. Mke wangu akirudi atafurahi mwenyewe.
Mkasi siuoni. Ameondoka nao! Mwanamke huyu hana imani kabisa.
Kisu cha mkate kipo.