Wenyeviti Watatu wa Mtaro Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mto ninaolalia: naandikiana na daktari. Si daktari wa sindano. Ni daktari wa afya ya jamii, yule mama wa ofisi ya afya ambaye kazi yake ni kuzuia watu wasiugue kabla hawajaugua. Tumeanza zamani kidogo. Mimi, ambaye nikiulizwa jina darasani huangalia viatu!

Nilimwandikia kuhusu mtaro wa nyuma ya nyumba yetu. Umeziba, maji ya mvua yametuama, mbu wamefanya makao. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ameugua malaria mara mbili tangu mvua zianze. Mtaani wamembatiza Kidonge. Yeye hucheka. Mimi sicheki.

Ila niliogopa daktari hatajibu barua ya mtoto wa shule. Nikatia sahihi: Katibu, Kamati ya Mtaa ya Kupambana na Mbu. Kamati yenyewe haipo. Wajumbe wake ni mimi na kalamu.

Leo jibu limefika. Daktari ana lori la kuzoa tope na vifuniko vya mtaro, lakini vinatosha mtaa mmoja tu. Atavipeleka pale ambapo wakazi wenyewe wameshaanza kazi. Jumamosi anakuja kuonana na kamati, na angependa kuanza kwa kumsalimia mwenyekiti.

Jumamosi hii! Mwenyekiti!

Jumanne, 5 Machi

Mpango. Kamati inahitaji watu. Watu wanahitaji kuombwa. Kuomba kunahitaji kufungua mdomo. Hapo mpango ukakwama, nikaamua kuandika barua.

Nimechagua watatu: Bibi, fundi cherehani na kinyozi. Fundi na kinyozi wanatenganishwa na ukuta na hawapatani. Kinyozi husema suruali za fundi zimeshonwa na mtu aliyefumba macho. Fundi hujibu kuwa bora suruali mbaya, mtu huivua. Kichwa kibaya mtu hutembea nacho.

Tatizo: nani atakubali kuwa mjumbe tu? Mtaani kwetu hakuna mtu mdogo. Kwa hiyo nimemwandikia kila mmoja kwamba amependekezwa kuwa Mwenyekiti. Barua tatu, maneno yaleyale, sahihi ileile ya Katibu. Akili ni mali! Siku ya Jumamosi daktari ataonana nao mmoja mmoja, mmoja huku, mwingine kule. Nimesoma vitabu, mambo haya yana mbinu.

Nimezipenyeza chini ya milango, nikakimbia.

Jumatano, 6 Machi

Bibi ameokota barua. Lakini miwani yake aliikalia juzi, kwa hiyo akaniita nimsomee. Nikasoma barua yangu mwenyewe kwa sauti ya mtu asiyeijua. Kwenye neno “mheshimiwa” nikajikwaa makusudi. Bibi akanifokea: nisome vizuri, aliyeandika hapa ni msomi, si mmung'unyaji kama mimi. Akataka nirudie. Na tena. Hadi Kidonge akaikariri yote, akaanza kuitangaza mlangoni.

Kisha Bibi akaniagiza niandike jibu. Amekubali, ila hataki ubishi kwenye uenyekiti wake, na huyo katibu apunguze kujipendekeza. Nikaandika. Nikaenda kulipeleka. Nikazunguka nyumba, nikajipokea.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepita kwa fundi. Barua yangu ameikata umbo la kola! Nikadhani hakuisoma. Kumbe aliisoma kwanza, na hiyo kola ni ya shati atakalovaa Jumamosi. Pia anatarizi utepe mwekundu: MWENYEKITI, kwa uzi wa dhahabu.

Kinyozi ameibandika yake juu ya kioo. Hagusi kichwa cha mteja mpaka mteja aisome.

Ukuta mmoja tu kati yao.

Nimejaribu kumweleza Bibi. Nilifungua mdomo kabisa. Akaniuliza kama nina njaa. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 8 Machi

Moto umewaka. Mteja mmoja alitoka kunyolewa akaingia kwa fundi kuchukua shati, akampa hongera kwa kuwa jirani wa mwenyekiti. Nilipotoka shule niliwakuta nje. Fundi alikuwa anauliza mwenyekiti wa nini, wa povu la sabuni? Kinyozi akajibu kwamba sindano haijawahi kuongoza mkutano. Bibi akatoka na barua yake, akawaita wanangu, akawaambia waache kelele, mwenyekiti ndiye huyu hapa. Fundi ana mvi kichwa kizima, lakini alirudi nyuma kama mtoto aliyefokewa.

Kinyozi hakurudi nyuma. Akasema mwenyekiti wa kweli hujulikana kwa jembe. Akavua koti, akaingia mtaroni. Fundi angebakije juu? Akakunja suruali, akachuchumaa, mshono ukaachia. Tulisikia sote. Kinyozi alisikia zaidi.

Bibi hakuingia. Alisimama ukingoni akiwaonyesha kwa fimbo kila tope waliloruka. Majirani nao wakaleta majembe, maana nani aonekane amekaa huku wenyeviti wako topeni? Mimi nilibeba ndoo za tope.

Kabla jua halijazama, maji yakaanza kutembea. Yakatembea kwa sauti! Kidonge akayasindikiza mbio hadi mwisho wa mtaa.

Jumamosi, 9 Machi

Daktari amekuja. Mfupi kuliko barua zake. Viatu vya mpira, kata ya kuchotea maji mkononi. Alikagua mtaro, akakagua madumu na matairi ya uani, akatikisa kichwa kwa furaha. Akauliza mwenyekiti ni nani.

Wakasimama watatu.

Akaomba kuona barua. Akaletewa mbili nzima na moja yenye umbo la kola. Akasema hajawahi kuona mtaa wenye uongozi mwingi hivi. Basi katibu yuko wapi, yule aliyemwandikia kurasa nyingi kuhusu viluwiluwi, watoto wa mbu?

Niliangalia viatu. Havikunisaidia. Kidonge akaninyooshea kidole: mwandishi ni huyu, na chini ya kitanda ana ndoo ya wadudu.

Ndoo! Nilikuwa nafuga viluwiluwi ili niwaeleze vizuri kwenye barua. Nilikuwa nimeifunika kwa kitambaa. Ikatolewa nje mbele ya watu. Kitambaa kilikuwa na tundu. Daktari akachungulia, akasema hakuna kiluwiluwi hata mmoja mtaa mzima, isipokuwa kwa katibu wa kupambana na mbu.

Fundi na kinyozi walicheka hadi wakashikana mabega. Bibi hakucheka. Kidonge hulala kitanda cha pili, na Bibi alitazama ndoo, akamtazama Kidonge. Kisha akaniambia nisome neno “mheshimiwa”. Nikalisoma bila kujikwaa. Akasema alijua ni mimi.

Hapo aibu ilinipata kweli, si ile ya siku zote.

Daktari alisema lori litakuja Jumatatu, kwa kuwa jasho aliloliona mtaroni halikuwa la kubuni. Masharti mawili: ndoo imwagwe mchangani penye jua sasa hivi, na aandikiwe jina la mwenyekiti mmoja. Mmoja wa kweli. Nikamwaga ndoo.

Alhamisi, 14 Machi

Lori lilikuja. Tope limezolewa, mtaro umefunikwa. Kidonge hana homa, na sasa anadai jina jipya.

Nimejifunza. Nimeandika ukutani juu ya meza yangu kwa wino mwekundu: KARATASI ISISEME LISILOKUWA NA MTU WA KULITENDA. Nimelitazama kwa muda mrefu. Ni neno zuri.

Limebaki lile jina la mwenyekiti. Jana kinyozi alininyoa bure, akaniuliza kichwa kinajionaje. Fundi amenishonea mfuko wa kalamu. Bibi hajasema kitu, ila ananipakulia mara mbili na kunitazama nikila. Sasa nimvunje nani moyo? Na nimwambie kwa mdomo gani?

Nilikaa mezani, nikachukua karatasi nne. Nikamwandikia Bibi kwamba amechaguliwa, ila asimwambie mtu mpaka itangazwe rasmi. Nikamwandikia fundi vilevile. Na kinyozi. Ya nne ilikuwa ya daktari: mwenyekiti mmoja amepatikana, mzee mwenye busara nyingi, kwa bahati mbaya yuko safarini. Nikatia sahihi, nikabandika stempu, nikaenda posta.