Betri Yenye Homa

Jumanne, 5 Agosti
Sasa hivi Tracy amelaza betri kwa mto wangu. Ameifunika leso na kuniambia nisiongee kwa sauti, mtoto ana homa. Nimeigusa. Kweli ina homa. Nimeichomoa kwa soketi haraka, nikampa mwiko abebe badala yake. Amekubali. Miaka mitatu na roho safi hivyo. Hakuitoa kwangu.

Ni betri ya kagari kangu, kale ka plastiki watoto wanalipa kukalia na kuzunguka uwanja wa kanisa hapa Malaba. Fundi Odeke aliiunda kwa seli za laptopu. Lithiamu, akasema, ndogo lakini kali. Nisiichaji kitandani, nisilale ikiwa kwa umeme, nisitumie chaja nyingine ila yake. Yake inachukua saa sita! Nimenunua nyingine ng'ambo, upande wa Uganda. Saa moja tu. Muuzaji alinipa mbili kwa bei ya moja, mtu mzuri sana. Odeke hajui. Nadhani yeye anataka nichajie kwake, apate mteja wa milele.

Na lazima ichajiwe. Mchungaji ametangaza nafasi ya langoni. Atakayefika Jumapili na mchezo unaofanya kazi atakaa hapo mpaka Krismasi. Jirani yangu Jerusha ana trampolini. Trampolini haihitaji umeme. Sasa Mchungaji aliamua hivyo akiwa peke yake?

Jumatano, 6 Agosti
Nimefikiria hatari zote. Ndani, nyumba inaweza kuungua na Tracy ndani. Nje, mvua na wezi. Kwa Odeke, atanibadilishia seli nzuri aweke mbovu.

Nimeiweka nje ndani ya karai la mchanga, nikakaa kando yake na mwavuli. Jerusha akapita. Akauliza, Mama Tracy, unaatamia? Vifaranga ni lini? Nikamwambia ni mambo ya sayansi. Akacheka mpaka akashika ua. Alikuwa anahesabu nyaya, nilimwona. Nikaichomoa, nikaingiza kila kitu ndani.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepata dawa. Malori!

Foleni ya mpaka haijasogea tangu Jumatatu. Madereva wanapika, wanafua, wanaanika soksi kwa vioo. Wengine wana umeme ndani ya kichwa cha lori, wanachajia watu simu. Betri ikichajiwa huko, moto ukitokea utakuwa kwa lami, si kwa kitanda cha mtoto wangu.

Dereva wa kwanza alikubali mara moja. Anabeba petroli. Nikamshukuru nikaenda. Si kwamba sina akili.

Wa pili ni Robinson, anabeba vigae. Vigae haviungui. Tanboi, msaidizi wake Boaz, akauliza kama hii kitu ni salama. Nikamwambia hata mtoto wangu anailaza kama mdoli. Robinson akasema, dada, leta kesho, sisi hapa tumeshakuwa wenyeji, karibu tupewe shamba.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimepeleka betri saa nne na chaja ya ng'ambo. Nikarudi kumwogesha Tracy. Dakika ishirini. Labda thelathini, alikataa kutoka kwa maji.

Nimerudi, barabara iko wazi. Vigae havipo, Robinson hayupo, hata soksi hazipo.

Nikambeba Tracy mgongoni nikakimbia mpaka kwa kizuizi. Wameshavuka. Simu ya Robinson haipatikani. Foleni isimame siku nne, isogee siku nina betri ndani? Nani alipiga simu? Jerusha ana binamu anauza chai pale pale mpakani. Naandika tu, simtaji kwa ubaya.

Jumamosi, 9 Agosti
Robinson amepiga kutoka Tororo. Boaz alisikia harufu, akaona betri imefura kama andazi. Akaichomoa, akaitupa kwa mchanga kando ya barabara. Ikawaka. Walisimama mbali wakaiangalia mpaka ikaisha, na chaja yake. Robinson hakunitukana. Aliniuliza tu, dada, hiyo kitu ilikuwa inalala wapi kwako?

Nikakata simu. Nilienda nikakaa kitandani, mkono juu ya mto. Tracy akaja kuuliza kama mtoto amepona. Nikamwambia amehama. Nikamshika mpaka akasema namfinya.

Jioni nikamwendea Odeke, nikamwambia yote. Akasema chaja ile ni ya pikipiki za umeme, nishukuru Mungu nina nyumba. Akanipa betri nyingine, chaji nusu. Kesho yeye haendi kazini kuijaza, lakini nusu itatosha kagari kakienda polepole. Akauliza kama nina chaja nyingine kama ile. Nikasema hapana. Karibu iwe kweli, iko chini ya unga.

Jumapili, 10 Agosti
Asubuhi, kabla ya ibada. Jerusha ameshavuta trampolini yake hadi langoni, lakini springi mbili zimekatika, anatafuta kamba. Bado nafasi ni yangu. Ila nusu! Kagari kakizimika mbele ya Mchungaji nitaweka uso wangu wapi?

Foleni imerudi. Nimepata dereva mwingine, Barasa, anabeba chumvi. Chumvi nayo haijawahi kuungua. Betri iko kwake tangu saa moja na chaja iliyobaki. Kosa la Ijumaa nimelijua. Ni kuogesha mtoto. Leo Tracy hajaoga, na lori naliona kwa dirisha nikiinua kichwa.

Jerusha ananiita huko nje, injini za malori zikianza kunguruma, Mama Tracy, Mama Tracy. Anataka kamba yangu, simpi. Wacha nimalize. Barasa ameniapia kwamba hii foleni haiwezi kusogea kabla ya