Goti la Tikkala

Jumapili, 24 Septemba

Mpango umenijia! Asubuhi nilichemsha maji, nikamimina vikombe viwili kwa mazoea, ikabidi ninywe vyote peke yangu, na kwenye kile cha pili ndipo ulipokuja. Sasa naelewa kwa nini mke wangu Verna alikuwa na akili kunishinda. Alikuwa hanywi kimoja.

Mambo yenyewe ni haya. Jumamosi ni mnada wa ligi yetu ya mezani. Timu nane, wenyewe wote ni watu wa mji wetu huu wa Canora, kila timu na wachezaji wake wa hoki ya barafu inaowamiliki kwa maneno tu. Wao wakifunga kwenye televisheni, sisi tunapata pointi. Hata fedha ni za maneno: kila timu ina milioni arobaini za mishahara, na kuzidisha ni marufuku. Mchezaji wako wa mwaka jana unaweza kubaki naye, ila mshahara wake unapanda kwa milioni mbili. Usipombakiza anaingia mnadani, anyakuliwe na yeyote.

Tunao wawili wa kubaki. (Bado nasema "tunao". Timu ina majina yetu wote wawili. Bev, mwenyekiti, hajafuta moja, nami sijamwomba afute.) Wa kwanza ni yule mtoto Lacasse, miaka kumi na tisa, anafunga kama anayelipwa kwa kila bao, na mshahara wake bado mdogo. Mji mzima unanionea gere. Wa pili ni Tikkala.

Tikkala ni beki, Mfini. Verna alimchukua kwa milioni moja wakati hakuna aliyemtaka. Alikuwa amemwona akiinama katikati ya mechi, akaokota jino la mpinzani wake kwenye barafu, akamrudishia mkononi. Verna akasema huyo kalelewa. Basi, akawa wetu. Sasa amefika milioni saba. Saba! Na timu isiyo na Tikkala mimi siitaki. Hilo halina mjadala.

Kwa hiyo nitamwachia.

Hapana, nieleze vizuri. Nitamwachia aingie mnadani, ila kwanza nitahakikisha hakuna anayemtaka. Kisha namrudisha nyumbani kwa milioni moja. Nimeokoa sita! Ajabu ni kwamba miaka yote hii hakuna aliyeliwaza jambo hili.

Jumatatu, 25 Septemba

Baridi. Jana theluji ilijaribu kidogo, ikaona aibu, ikaacha.

Nimekwenda kantini ya uwanja wa barafu kumtangazia Bev Federko wangu wa kubaki. Bev anapika pale, na ligi anaiendesha palepale, kisu mkononi. Nikamwambia Lacasse peke yake. Kisu kikasimama juu ya kitunguu. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Akaniuliza kama nimelala. Akasema milioni saba ninazo na baki ninayo, nimbakize kijana wa watu niende zangu nyumbani.

Huo ndio mlango niliokuwa nautafuta! Nikaegemea kaunta, nikashusha sauti. Nikamwambia kuna goti. Bovu kabisa. Nimeambiwa na daktari mmoja wa Saskatoon.

Akataka kujua daktari gani huyo ninayejuana naye Saskatoon. Nikasema wa meno. Nadhani hapo niliteleza kidogo, lakini Bev hakuonekana kugundua. Alinifungia tu perogi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi, kwenye karatasi, akakataa malipo.

Nilimsihi asimwambie mtu. Nimemfahamu Bev tangu shule ya msingi. Kumsihi Bev asimwambie mtu ni sawa na kutangaza redioni.

Nimezila zote. Mpango unanipa njaa!

Jumatano, 27 Septemba

Goti limefika! Limefika mpaka mkahawa wa kituo cha mafuta, tena kwa kasi. Nimeingia tu, Clayton akanidaka.

Clayton Bilous ni mdogo wake Verna na ndiye bingwa wa ligi, mambo mawili ambayo ameyabeba kwa majivuno yaleyale. Akaniita mbele za watu: "Shemeji! Nasikia beki wako umemtupa kama soksi yenye tundu!" Wavunaji wa ngano wakacheka. Nikamwambia biashara ni biashara. Akasema mimi na biashara tunafahamiana kwa sura tu, hatujawahi kusalimiana. Wakacheka tena. Mimi pia nilicheka, kwa sababu anayecheka hashukiwi.

Kisha akauliza, polepole safari hii, kwamba kweli sitambakiza. Nikasema goti, shemeji. Goti. Akakoroga kahawa yake muda mrefu sana. Clayton hatumii sukari.

Ana wasiwasi. Vizuri!

Alhamisi, 28 Septemba

Jambo zito limetokea.

Dereva wa gari la mikate amenisimamisha barabarani, akashusha kioo, akanipa pole. Nikauliza pole ya nini. Akasema ya beki wangu. Amepasuliwa goti, anatembea kwa gongo, mama yake amepanda ndege kutoka Finland kuja kumuuguza.

Nimerudi nyumbani nikakaa na koti langu mwilini.

Nimelipima jambo hili kwa utulivu. Goti, mimi ndiye niliyelisema. Sawa. Lakini gongo sikulisema. Kupasuliwa sikusema. Na mama! Mama yake kwenye ndege sikumtaja kabisa, wala sikujua kama yupo hai. Kama yote yangekuwa yametoka kwangu, huyo mama ametoka wapi?

Kwa hiyo ni kweli. Goti lake limeharibika kweli. Maskini kijana! Nami nilikuwa nalifanyia mzaha.

Ijumaa, 29 Septemba

Kinyozi amethibitisha. Hachezi tena. Anarudi kwao kufuga kulungu.

Nimeikalisha picha ya Verna upande wa pili wa meza ili tushauriane. Nilimwambia habari za kulungu taratibu, kwa sababu alikuwa anampenda yule kijana. Halafu nikamwambia asihofu, nitatafuta beki mwingine, beki mkubwa, hata ikibidi nitoboke mfuko. Sitawaachia watu wacheke timu yake.

Kesho! Nimenyoosha shati. Nimenyoosha na lile la akiba.

Jumamosi, 30 Septemba

Naandika nikiwa nimevaa shati la akiba. La kwanza lina mchuzi wa bitiruti, na jinsi ulivyofika pale ni habari ndefu.

Ukumbi ulinukia soseji za kitunguu saumu. Timu nane mezani. Bev alikuwa na mwiko wake wa mti; akigonga meza mara tatu, mchezaji kauzwa. Nilianza vizuri sana. Kipa mzuri, bei nzuri. Mafowadi wawili wenye meno yao. Clayton akasema naona leo shemeji kaja na ubongo, kauazima wapi? Nilijisikia kijana!

Kisha mtu akamtaja Dale Wozny.

Wozny ni beki. Ana miaka thelathini na sita, na muda mwingi anautumia kwenye kiti cha adhabu wanakokalishwa wacheza rafu, ambako nasikia wamemwekea mto. Lakini ni mkubwa. Nikafikiria gongo, nikafikiria kulungu, nikasema milioni tatu. Clayton, kwa utani, akasema nne. Nikasema sita.

Hapa kuna jambo ambalo sikuwa nimelihesabu. Miaka yote, kwenye mnada, nilikuwa nasema mimi, naye Verna anakaa pembeni yangu. Nikipitiliza, alikuwa ananipiga teke chini ya meza. Teke dogo, kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Kazi yangu ilikuwa kutaja bei mpaka nipigwe teke. Sikuwahi kufikiria kwamba hiyo ilikuwa nusu tu ya kazi.

Nikasema nane. Mguu kimya. Nikasema kumi. Mguu kimya, nikajua bado tuko vizuri. Kumi na mbili! Bev akaniambia kwa upole kwamba ile kumi ilikuwa yangu mwenyewe. Nikasema naijua, kumi na tano. Akasema, "Metro, mpenzi, hakuna anayeshindana na wewe." Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nasikiliza mguu wangu tu. Nilipofika kumi na tisa, mwiko ukagonga mara tatu kwa haraka sana, kama mtu anayefunga mlango upepo usiingie.

Wozny ni wangu. Milioni kumi na tisa.

Kufika mwisho nilikuwa nimebakiwa na nafasi moja na milioni moja. Ndipo Bev akavaa miwani, akamtaja Tikkala. Kuna mmoja akauliza hali ya goti. Bev akasema goti lipi, jana usiku kijana kacheza mechi ya kirafiki, kafunga mawili. Kuhusu mama yake, Bev alisema kwamba hilo aliliongeza yeye mwenyewe, habari ilikuwa kavu mno.

Mawili! Goti zima! Niliruka, na hapo ndipo bakuli la mchuzi lilipoingia kwenye habari hii. Nikapiga kelele milioni moja!

Ukumbi mzima walikuwa wameikunja mikono. Nilielewa, ingawa si mara moja, kwamba walikuwa wamekubaliana. Wananiachia. Mwiko ukagonga mara moja. Ukagonga mara mbili.

"Mbili," akasema Clayton.

Nilikuwa na moja.

Jumapili, 1 Oktoba

Sikuweza kumalizia jana.

Clayton alinifuata nje mpaka kwenye gari. Nilitaka kumwambia maneno makali na nilikuwa nayo tayari, lakini alikuwa anatafuta funguo zake kwenye mfuko uleule mara kwa mara, na uso wake haukuwa wa bingwa. Alisema alikuwa ameapa kukaa kimya kama wengine. Mdomo ukamponyoka.

Akasema ile mechi ya jino Verna hakuiangalia nyumbani kwetu. Aliiangalia kwake Clayton, kwenye kochi lake, wiki ile mimi nilipokuwa nafanya zamu za usiku kwenye ghala la nafaka. Kijana alipolirudisha jino, Verna aliruka na bakuli mkononi, supu yote ikamwagika kwenye zulia. Doa bado lipo. Mkewe amelisugua, amelisugua, na tangu tulipomzika Verna Machi Clayton amemkataza asilisugue tena.

"Alikuwa dada yangu kabla hajawa mkeo, shemeji. Nami namtaka Tikkala."

Sikujua habari ya zulia. Miaka hii yote nilidhani nalijua kila bakuli alilomwaga.

Nikasema haya. Gari langu lilikataa kuwaka, akanisukuma.

Leo nimekaa. Timu nimeiangalia. Wozny amefungiwa tayari mechi mbili, na msimu haujaanza.

Jumatatu, 2 Oktoba

Ushindi! Ushindi mtupu!

Clayton amekuja kabla sijamaliza kikombe cha kwanza. Nikampa cha pili. Akazunguka maneno, akasifu pazia, kisha akasema amelala vibaya siku mbili na mkewe hamsemeshi. Kwamba nimchukue Tikkala. Kubadilishana wachezaji kunaruhusiwa mpaka leo jioni. Nimpe yeyote, hata yule mzee wa kwenye kiti cha adhabu; hapana, huyo nisimpe, jiwe la shingoni huyo. Nimpe mtu wa benchi tu ili Bev apate kuandika. Ni bure, akasema. Anachotaka ni niwe naenda kwake kuangalia mechi, kwenye kochi.

Bure!

Nilimtazama huyu mtu. Bingwa mara nne. Nikakumbuka mimi ni nani na yeye ni nani. Nani anatoa beki mwenye mabao mawili bure? Hakuna. Anataka niwe na deni la fadhila, ili Januari, timu yangu itakapokuwa inapaa, aje aniombe Lacasse na mimi nishindwe kukataa. Mtego! Mtego mzuri, nakiri. Lakini alimkuta mtu aliyeamka.

Nikamwahi. Nikasema: mchukue Lacasse.

Akaweka kikombe chini. Akasema, "Shemeji, nimesema bure." Nikasema nimesikia, mchukue Lacasse. Akasema Lacasse ndiye mchezaji bora wa ligi nzima, akimchukua Verna atafufuka aje kumsuta. Nikakonyeza. Akasema, "Metro, sikiliza, mimi sitaki chochote!" Nikamwambia sitaki fadhila zake, tunalipana leo leo, na Januari asinijie. Akauliza Januari kuna nini. Anajifanya! Tulivutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akaenda kukaa kwenye ngazi za nje, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia, na mengine nadhani hayakuwa ya kucheka. Akasema basi, sawa, sawa, Mungu anisamehe. Tukampigia Bev. Bev aliuliza mara tatu kama nimelewa.

Tikkala yupo nyumbani! Kwa milioni mbili badala ya saba! Nimemwambia Verna kwa sauti, nikiwa nimesimama. Tano nimeziokoa, na bingwa nimemtegulia mtego wake mwenyewe. Jumatano naenda kwake, kwenye kochi, kumwangalia beki wetu. Nitaomba nionyeshwe doa.

Mpango ulifanya kazi karibu kila kipengele. Palipovuja ni kwenye goti tu. Goti watu wanaweza kulichunguza.

Mwakani namwachia tena, mapema zaidi, na nitasema ni bega.